Jina Langu Kwenye Daftari la Wajawazito

Habari ya kifo cha Dakta Sebastian ilinikuta nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na kabla sijapata nafasi ya kuhuzunika, kifundo changu cha mguu wa kushoto kikaniuma. Najua maneno hayo yanavyosikika. Mimi ni mwalimu, sina imani na miguu inayobashiri misiba. Pengine niliukalia vibaya chini ya meza. Lakini kiliuma, na mkono wangu ukashuka wenyewe kukishika, pale chini ya jicho la mguu upande wa nje, mahali ambapo daktari huyo alipaka ute wa baridi miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Ujumbe ulikuwa kwenye kundi la simu la tuliosoma pamoja: mzee amefariki, anazikwa Jumamosi nyumbani kwake Nyamiaga. Watu wakamiminika na pole zao. Mimi nilikuwa natafuta jina moja tu, la Edissa, ambaye mwenzetu mmoja alimwingiza kwenye kundi ingawa hakumaliza shule nasi. Alikuwa amesoma, hakuandika kitu. Basi nikampigia, nikidhani tutasikitika pamoja, maana katika darasa zima ni sisi wawili tu tuliowahi kusimama na yule daktari katika chumba kimoja. Tukaulizana habari za watoto na mvua. Nikamuuliza kama ataenda kuzika. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Adve, Mungu amlaze anapoona panafaa. Mimi simziki. Yule mtu alinisema. Ndiyo maana hata siku ya uchungu sikukubali kupelekwa kwake." Nikajibu, "Sawa, dada," nikakata simu, nikakaa na kalamu nyekundu mkononi nisijue ya nini. Nilijua kwamba mtoto wa kwanza wa Edissa alifia njiani kuja duniani, huko Mbuba, mikononi mwa mama mkwe wa jirani. Nilichokuwa sijui ni kwa nini hakwenda hospitali. Na nilijua jambo ambalo yeye halijui: Dakta Sebastian hakumsema kwa mtu yeyote. Aliyemponza ni mimi.

Sitaeleza nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo hayakuwa na kazi mwaka ule. Inatosha kujua kwamba mimi nilitoka Lusahunga, kwenye kelele za malori, na Edissa alitoka Mbuba, kwenye migomba, na kwamba tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokaa mgongoni mwa kilima si mbali na mji wa Ngara. Jina la shule nalificha: waliokuwepo wanalijua na wasiokuwepo haliwasaidii. Tulikuwa kidato cha nne, na tuliishi na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa mtihani wa taifa, hiyo tuliitaja asubuhi na jioni, hata kwenye sala ya chakula. Ya pili hatukuitaja. Kila tulipotoka likizo, Matroni Generosa alitupanga mstari nje ya stoo ya mahindi, tukaingia mmoja mmoja, akatubonyeza tumbo kwa vidole huku ametazama ukutani. Akimtilia mtu shaka, mkojo wake ulipimwa kwa kijiti. Aliyekutwa aliondoka siku hiyohiyo. Niliwaona wawili wakishuka kilima, tranka kichwani, na sisi tumo madarasani tumejifanya tunasoma. Hakuna aliyetukataza kuwaaga. Tuliogopa tu kwamba ukimpungia mtu wa aina ile, mkono wako utakumbukwa. Siku hizi mambo yamebadilika, msichana akijifungua anaweza kurudi darasani. Ninao wawili mwaka huu. Mmoja wao huenda kujikamua maziwa nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko, na kila nikimwona akirudi anafunga vifungo vya shati, natafuta sababu ya kutazama upande mwingine. Wenzangu katika ofisi ya walimu wanadhani nina msimamo mkali wa dini.

Ilikuwa Jumamosi ya zamu yetu ya maji. Chemchemi ilikuwa bondeni na njia yake ni udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Tulikuwa tunapanda na ndoo vichwani, mimi mbele, Edissa nyuma, tunaulizana maswali ya baiolojia. Nikamuuliza kazi ya ini. Badala ya jibu nikasikia ndoo inatuliwa chini, kisha sauti ya mtu anayetapika na kujaribu asisikike. Nikageuka. Lilikuwa kosa la kijinga, mtu aliyelelewa milimani hageuki na ndoo kichwani kwenye utelezi, lakini mimi nimelelewa kando ya barabara ya lami. Mguu wa kushoto ukakanyaga jiwe, unyayo ukajikunja kwa ndani, nikasikia mlio ndani ya nyama yangu, ta!, nikaenda chini na ndoo na maji na kila kitu. Edissa alinijia anajifuta mdomo kwa kiganja. "Ihangane, Adve, ihangane," akaniambia, neno ambalo kwao Wahangaza huambiwa mtu mwenye maumivu, pole na vumilia kwa pamoja. Kisha, hata kabla hajanigusa, akainama sikioni kwangu. "Usiseme nimetapika."

"Umekula nini?"

"Usiseme tu. Sema umeteleza."

Nilikuwa na akili ya kutosha kuelewa na woga wa kutosha kukataa kuelewa. Nikasema sawa. Akanipa mgongo, nikapanda, akanibeba kilima chote mpaka mlango wa bweni, anahema, anapumzika, anahema tena. Leo nikihesabu naona kwamba alipanda kilima kile na watu wawili, mmoja mgongoni na mmoja tumboni.

Chumba cha Matroni Generosa kilinuka samli na moshi, na ukutani alikuwa na kalenda tatu za miaka iliyokwisha kwa sababu ya picha zake. Alinikalisha kwenye kigoda, akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya taulo, kisha akaanza kunikanda. Kwetu mguu ukiteguka unakandwa, hakuna mjadala. Na Matroni alikuwa na mikono iliyosonga ugali wa shule nzima kabla hajapandishwa cheo. Nilipiga kelele zikasikika mpaka jikoni. "Lia, mwanangu," alisema huku anashindilia gumba palepale penye moto, "mficha uchi hazai. Lazima damu mbaya itawanyike." Alinikanda jioni tatu mfululizo, kwa upendo kabisa, na kila jioni mguu uliamka mbaya kuliko ulivyolala. Ulivimba mpaka jicho la mguu likapotea. Rangi ikawa buluu, halafu nyeusi, halafu kijani pembeni kama ndizi iliyogandamizwa kwenye gunia. Wasichana walikuja kuutazama kitandani. Mmoja alisema binamu yake alikuwa na mguu kama huo ukaja kukatwa Mwanza. Mwingine akasema hukatwa juu kidogo ya goti ili uozo usipande. Walisema hayo kwa sauti ya chini, wakidhani juu kule sisikii, na mimi nilikaa na kitabu cha historia usoni nikajiona na gongo, mtihani umenipita, nauza karanga kwa madereva Lusahunga nikiwa nimekaa kwa sababu siwezi kusimama. Edissa peke yake hakusema lolote. Aliniletea uji, akanivua soksi, akaniweka mto chini ya mguu. Siku ya nne Matroni mwenyewe aliogopa, akaagiza nipelekwe hospitali kwa pikapu ya shule, na Edissa anisindikize.

Eksirei ilichukuliwa asubuhi. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri hukumu, na Dakta Sebastian akaja na picha yenyewe mkononi, ameinyanyua kuelekea dirishani. Alikuwa kijana bado, mrefu, na sweta la kufumwa ndani ya koti jeupe kwa sababu ya baridi ya Ngara. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye picha. Mfupa mzima, alisema. Nilitaka kumshukuru Mungu, lakini hakuonekana kama mtu aliyemaliza. Alipobonyeza chini ya jicho la mguu nilishika koti lake. "Eksirei inaona mfupa tu," alisema. "Mfupa umefungwa kwa mfupa mwenzake na kano, kamba ngumu ngumu hivi, na kamba eksirei haizioni. Nataka kuziona. Mpelekeni utrasaundi." Nesi akamtazama. "Daktari, utrasaundi? Huyu wa mguu?" "Huyu wa mguu." Nikasikia Edissa aliyekuwa amenishika bega ameniachia.

Lazima nieleze jambo hili kwa sababu vijana hawatalielewa. Utrasaundi wakati ule, kwetu, ilikuwa mashine ya akina mama. Iliachwa na watu wa misaada baada ya kambi za wakimbizi kufungwa, ikawekwa katika jengo la kliniki ya mama na mtoto, na haikuwahi kumtazama mtu mwingine ila mwenye mimba. Benchi la nje ya chumba kile lilikuwa na wanawake saba, matumbo mbele, na mimi nikaketishwa katikati yao na sketi yangu ya shule, kijani iliyojulikana wilaya nzima. Mama mmoja mnene alinisogezea nafasi. "Pore, mdogo wangu," alisema kwa lafudhi ya Ngara na kwa huruma ya kweli. "Wa ngapi huyu?" Nikasema sina mimba, nina mguu. Benchi zima likacheka, na kwa dakika moja nilicheka nao. Kisha nikamwona mke wa mwalimu wetu wa hesabu, wa mwisho kwenye benchi, ana mimba yake halali iliyotunzwa, hacheki. Alitazama sketi yangu, akatazama sketi ya Edissa aliyesimama mbali kwenye nguzo, akafungua mkoba wake akaufunga. Nesi alikuja na daftari kubwa. "Jina? Umri? Hedhi ya mwisho rini?" Nikamwambia tena habari ya mguu. "Mama, humu hakuna safu ya mguu," alisema, akiwa amechoka na mimi. "Daktari wenu anareta mambo mapya, mimi nina daftari moja." Akaandika jina langu chini ya majina ya wale wanawake, na kwenye safu ya umri wa mimba akachora mstari mfupi. Nimefika umri huu nimeandikwa katika madaftari mengi, lakini ni hilo moja tu ambalo mpaka leo huniamsha.

Ndani kulikuwa na giza jepesi, pazia limeshushwa, na mashine inavuma kama friji. Nilidhani itachoma, nilidhani itapiga shoti, na zaidi ya yote nilidhani itaniambia jambo lisilorudishika. Dakta Sebastian alikuwa na vichwa viwili vya kutazamia, kipana cha matumbo, na chembamba ambacho alikitoa kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayefungua zawadi. Nadhani hakikuwahi kutumika. "Mwenzake, njoo umshike mguu usicheze," alimwita Edissa. Edissa akabaki mlangoni. Akaitwa tena. Alikuja akiwa ameshikilia daftari lake la mazoezi tumboni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, wa baridi kuliko ute daktari aliokuwa ananipaka, akanishika kisigino. Daktari alianza na mguu mzima, wa kulia. "Kwanza tuone Mungu alivyokusudia," alisema. Kwenye kioo, katika ukungu wa kijivu, alituonyesha mfupa wa nje unang'aa, mfupa wa chini unang'aa, na katikati yao utepe mweupe wenye mistari, umevutwa ukakaza. Kisha akahamia mguu wa kushoto. Hata mimi niliona. Utepe ulianza vizuri kutoka kwenye mfupa, ukaenda kidogo, ukaishia kwenye weusi. Ng'ambo ya weusi palikuwa na kipande kingine kimelegea. Akamwambia Edissa avute kisigino mbele polepole, na nikapiga yowe, na kwenye kioo ule weusi ukafunguka ukawa mpana. "Basi, achia. Unaona, binti? Kamba ya mbele imekatika kabisa. Ya pembeni yake imechanika nusu, hiyo itapona. Huo weusi ni damu." Akageuza shingo. "Nani ameukanda?" Nikamtaja Matroni. Akafumba macho kidogo. "Mwambie ninamheshimu, lakini asiuguse tena. Kukanda ndiko kulikoendelea kuuchana." Nikamuuliza swali pekee nililokuwa nalo, kama utakatwa. Alicheka, kicheko kizuri, akasema hawakati mguu kwa sababu ya kamba. Nitafungwa, nitatembelea magongo wiki sita, nitafanya mtihani nikiwa nimekaa kama watu wengine wote. Nililia hapo hapo kwenye kile kitanda cha wajawazito. Sijui kama nimewahi kupokea habari njema kuliko ile.

Aliponiacha nafungwa bandeji, alitoka na Edissa kwenye kibaraza. Kati yetu palikuwa na pazia la kitenge tu. Nilisikia, na kusema kweli nilimwambia nesi aninyamazie kidogo nisikie. "Binti," sauti yake ilikuwa chini, "miezi mitatu? Minne? Sikuulizi ya nani. Njoo Jumatano ya wiki ijayo nikuone vizuri. Nyonga zako ni nyembamba, hutakiwi kuzalia nyumbani, umenielewa? Usiniogope. Kwangu hakitatoka kitu." Kisha nikasikia Edissa analia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia, kama mtu anayekohoa. Aliporudi kunichukua alikuwa amenawa uso. Njia nzima kwenye pikapu tuliangalia migomba. Nilimshika mkono, na nikaona huo ndio urafiki, kujua na kunyamaza.

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka yote hii nimekuwa nikiruka hata ninapojisimulia mwenyewe. Daktari aliniandikia karatasi ya kunisamehe zamu ya maji. Mwandiko wake haukusomeka, lakini chini yake nesi alikuwa amegonga muhuri uliokuwepo chumbani mle, mkubwa, wa zambarau: KLINIKI YA MAMA NA MTOTO. Nilimpa Matroni nikiwa na fahari ya mgonjwa. Siku mbili baadaye nikaitwa ofisini. Madam, mkuu wetu wa shule, alikuwa na ile karatasi mezani mbele yake, imenyooshwa, na Matroni Generosa amesimama dirishani, hataki kunitazama. Mke wa mwalimu wa hesabu alikuwa ameshasema alichokiona. Nilisimama kwenye magongo, mguu unapwita.

"Adventina, hii karatasi imetoka wapi?"

"Hospitali, Madam."

"Chumba gani?"

"Cha utrasaundi."

"Chumba cha utrasaundi kinapima nini?"

"Mguu, Madam."

Matroni akageuka kwa uchungu. "Jamani, mwanangu, tangu lini mguu ukapimwa kwa mashine ya mimba? Na mimi nilikukanda! Ungeniambia."

Madam hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba kesho asubuhi nitapimwa mkojo, peke yangu, kimyakimya, ili nisiaibike. Jibu jepesi lilikuwepo, nililiona baadaye kwa uwazi ule ule wa utepe kwenye kioo: mwulizeni Dakta Sebastian. Sentensi moja. Lakini nilikuwa nimejaa hofu mpaka kooni. Nilihofia kijiti kinaweza kukosea. Nilihofia kwamba msichana anayepimwa peke yake ameshahukumiwa, na hata kijiti kikisema hapana, majina yatanifuata. Na hofu yangu, kama ilivyo hofu ya watu wenye ulimi mkali, ikatoka ikiwa imevaa nguo za hasira. "Kwa nini mimi peke yangu?" nikasema. "Kama ni kupima, wapimeni wote!" Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mimi mwaka ule nilijikwaa vyote viwili, na kilichobaki kilema si mguu peke yake. Madam akafungua kalamu yake. "Umesema haki," akasema. "Kidato cha nne wote, kesho." Nataka nieleweke vizuri hapa. Sikusahau kwamba Edissa yupo. Nilimkumbuka palepale, kabla Madam hajafunika kalamu yake. Ningeweza kusema, hapana, Madam, nilikosea, nipimeni mimi tu. Mdomo ulikuwa wangu. Nikasema, "Asante, Madam," nikatoka na magongo yangu.

Jioni ile chakula kilikuwa makande. Edissa alinipangia foleni kwa sababu ya mguu, akaniletea sahani, na alikuwa amenichagulia maharage mengi na mahindi machache kwa kuwa alijua siyapendi. Alikaa mbele yangu anakula. Nilikuwa na muda wa kumwambia: kimbia, au jifanye mgonjwa, au nenda kwa daktari wako usiku huu huu. Nikafikiri, akikimbia wataniuliza nani alimwambia. Nikala. Asubuhi tulipangwa mstari nje ya stoo ya mahindi, herufi kwa herufi, na wa kwanza nilikuwa mimi. Kijiti changu kikawa na mstari mmoja. Matroni akanikumbatia akalia begani kwangu. Edissa alikuwa wa tisa. Hakukaa ndani hata dakika mbili. Nilimkuta bwenini anapanga tranka, anakunja mashuka ya shule kando kando ili ayarudishe safi. "Yule daktari," alisema tu, hajageuka. "Aliniambia kwake hakitatoka kitu." Nilisimama pale. Nikatikisa kichwa, kama mtu anayesikitikia ubaya wa dunia. Hilo ndilo jibu nililompa. Alishuka kilima saa nne, tranka kichwani, na sisi tulikuwa darasani na kipindi cha baiolojia, na sikunyoosha mkono. Mimi nilifaulu mtihani. Watu wa kwetu bado husema, yule msichana alifanya mtihani na magongo, na husema kwa sifa.

Jumamosi ya mazishi niliamka mapema nikapitia Mbuba. Sikulala usiku uliotangulia, sitasema uongo. Nimezika wazazi, nimefukuzwa na mume, nimesimama mbele ya madarasa ya watoto wasionipenda, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa njia ya kupanda nyumbani kwa Edissa, kwa sababu Edissa ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita Adve. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi, nywele zimeingia mvi mbele. Alifurahi. Alinyanyuka nusu, kisu mkononi, akaniuliza kwa nini sikumwambia nakuja, angenichinjia. Nikamwambia akae. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana niliogopa kwamba nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Nikamweleza muhuri, Madam, na maneno yangu kama nilivyoyasema. Nikamweleza makande. Kisu kiliendelea, ganda moja, ganda la pili, ndizi zikadondoka kwenye sufuria la maji.

"Ulikuwa unajua nina mimba?"

"Nilijua. Niliwasikia nyuma ya pazia."

"Ulimsikia aliponiambia nisizalie nyumbani."

"Nilimsikia."

Akaacha kumenya. Alitazama mikono yake iliyojaa utomvu wa ndizi, akaanza kuitoa utomvu kidole kwa kidole, na nilisubiri matusi kwa namna ya kuyatamani. "Nilikubeba," alisema. Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, si kwangu, ni kama kwa sufuria, "Ningekwenda kwake mtoto angepona. Kila nilipopita mbele ya ile hospitali nilitema mate chini. Wanangu nimewafundisha. Mtu wa watu, hakunikosea kitu." Akainuka, akanawa mikono, akaingia ndani, na mimi nikajua kwamba hatatoka, nikaanza kufikiri jinsi ya kuondoka. Alitoka amevaa kitenge cha msiba na kilemba cheusi.

"Wanazika saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi twende. Nina la kumwambia kabla hawajamfukia."

Njia ya kutoka kwake inateremka, udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kano ile ya mbele haikuunga kamwe. Mguu wangu wa kushoto hauaminiki kwenye utelezi, na tangu mwaka ule sijashuka mteremko wa aina ile bila kushikwa mkono na mtu. Edissa alitangulia, haraka, bila kugeuka. Nilibaki juu. Alipofika chini kwenye njia kuu akasimama, amenipa mgongo. Hakurudi kunishika, wala hakuniambia ihangane. Nikakaa chini na kitenge changu cha msiba, nikaanza kushuka kwa makalio kama mtoto mdogo, huku nimeshika majani, na yeye akasimama pale vilevile mpaka nilipofika.